Tulipolegeza Nyuzi kwa Ajili ya Sitari

Ninyi mnaobaki na kabati la vayolini mmeniomba niwaandikie nilivyofanya kazi, ili makosa yangu msiyarudie. Sina wasiwasi na hilo, mtapata ya kwenu. Vyeo na mishahara siandiki: waliopata wanajua, waliokosa wanajua zaidi. Nitaandika vyombo na watu, na jambo moja la Bunda ambalo mpaka leo likinijia nikiwa jikoni, naacha mwiko kwenye sufuria nakaa chini.

Nilipangiwa chuo cha ualimu Musoma nikijua kinanda na kwaya, basi. Siku ya kwanza mkuu wa idara, Mwalimu Majura, alinipeleka stoo akafungua kabati. Ndani kulikuwa na vayolini zilizoletwa na wageni wa parokia moja huko Ulaya, na selo mbili, ile fidla kubwa inayokaa kati ya magoti ya mpigaji. Tangu wageni waondoke, aliyekuwa akizitumia ni mende.

"Binti, unaziona hizi?"

"Naziona, mwalimu."

"Basi ni zako."

Hiyo ndiyo semina elekezi niliyopewa. Nilikwenda nyumbani na vayolini moja kwenye sanduku lake, na jirani yangu wa mtaa wa Kamunyonge akanipa pole, akidhani nimebeba kitu cha msiba.

Majura alikuwa mtu wa maneno machache na vidole vizito, lakini chombo alikijua. Alijifunza kwa bruda mmoja wa misheni. Alinifundisha mambo ambayo hamtayakuta kwenye mtaala. Sisi tuko ziwani, mti unakunywa unyevu. Masika vigingi vya kukazia nyuzi vinavimba na kugoma kuzunguka. Pakeni sabuni kavu. Kiangazi vinasinyaa na kuteleza, pakeni chaki. Chombo kikitoka Musoma kwenda Butiama, ambako ni juu na hewa ni kavu, msikifungue mara mkifika. Kiacheni kwenye sanduku kipumzike kwanza, na ninyi mnywe chai.

Waya mwembamba kuliko wote ndio ulikuwa unakatika kila mara, na dukani haukuwepo. Mimi ni mtu wa Murangi, nimezaliwa kwenye nyavu. Binamu yangu aliyekuwa anavua kisiwani Rukuba alikuwa ananiletea mshipi wa nailoni, nao tukaufunga kwenye vayolini. Sauti ilikuwa kavu kidogo lakini ilitupitisha. Binamu aliniuliza huko chuoni tunavua samaki gani, nikamwambia tunavua wanafunzi.

Kidogo kidogo tukawa kundi. Wanachuo waliohitimu walipangiwa shule za Musoma, Bunda na Butiama, na wengi waliendelea kuja Jumamosi kwenye mazoezi kwa nauli zao wenyewe. Kati yao alikuwepo binti mmoja, Wegesa, mwalimu wa shule ya msingi kwao Butiama, aliyepiga selo. Babu yake alikuwa mpigaji wa litungu, ile zeze yetu ya Mara yenye nyuzi nane, na nadhani vidole alivirithi huko. Wegesa ni mtu mkimya. Wenzake wakibishana mwendo wa wimbo, yeye anapiga tu ule ulio sahihi mpaka wanachoka kubishana. Katika miaka yangu yote sikupata mwanafunzi mwenye sikio kama lile, na naliandika hapa kwa sababu mbele yake sikuwahi kulisema. Sisi walimu wa zamani tulilelewa hivyo, tunaogopa kumharibu mtu kwa sifa.

Mzee Kanti nilimpata nikitafuta waya. Selo yetu moja ilikatika uzi mzito, nikaambiwa Bunda yupo Mhindi fundi wa mitambo ya kuchambulia pamba, kwake hakikosekani kipande cha chuma cha aina yoyote. Nikaenda. Nilikuta mlango wa mbele umefungwa, nikazunguka nyuma, na huko nikasikia sauti ambayo sikuielewa. Ilikuwa sauti moja ya waya, lakini nyuma yake kulikuwa na nyingine nyingi ndogo zikiifuata.

Alikuwa mzee mwembamba, amekaa kwenye mkeka barazani na chombo kirefu kimeegemea bega lake. Kuku walikuwa wanadonoa pembeni.

"Karibu mama. Nilikuwaga napigia mke wangu," alisema bila kuacha. "Sasa napigia kuku. Nao si wabaya, hawaondokagi katikati."

Ile ndiyo sitari. Shina lake ni kibuyu kikubwa, shingo yake ni ndefu na ina vyuma vilivyopinda. Juu kuna waya chache anazozipiga. Chini ya hizo zimelala nyingine nyembamba ambazo hakuna kidole kinachozigusa. Ukipiga za juu, zile za chini zinaitikia zenyewe. Mzee alizaliwa Musoma, akazeeka Bunda, lugha yetu ya Kijita alikuwa anaijua kunizidi mimi niliyesoma bweni. Sitari alifundishwa na mjomba wake. Alinipa waya, na kabla sijaondoka nilikuwa nimeshamwomba aje apige na kundi letu kwenye maonyesho tuliyokuwa tunayaandaa.

"Na ninyi mnapigaga kwa karatasi," alisema.

"Tunapiga kwa karatasi, mzee."

"Mimi sijui karatasi."

Hapo ndipo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya ilipoanza, nami nitawaeleza kwa urefu maana siku moja mtaletewa chombo kigeni na mtatamani kukikataa.

Kwanza, sauti ya msingi. Yake ilikuwa chini ya yetu kwa nusu hatua. Chombo chake kilikuwa kizee, kibuyu kilikuwa na ufa uliozibwa kwa gundi, na akikaza zaidi kingepasuka. Kundi likasema yeye ni mmoja na sisi ni wengi, akaze taratibu. Nikasema hapana, mgeni haambiwi abadilishe miguu yake ili aingie kwenye viatu vyetu. Tukalegeza nyuzi zetu zote. Vayolini iliyolegezwa inanuna: vigingi vinateleza, sauti inakuwa nzito. Tulimaliza chaki ya idara, na mtunza stoo akataka kujua somo gani hilo linaloandikwa sana ubaoni.

Pili, ukali wa sauti. Sitari ni chombo cha chumbani. Mara ya kwanza tulipopiga pamoja hatukumsikia kabisa, tuliona tu mkono unakwenda. Niliwaambia wapige kama wanapita mlangoni kwa mgonjwa aliyelala. Ilichukua majuma mengi, kwa sababu mtu wa Mara kumwambia apunguze sauti ni kama kumwambia apunguze ugali.

Tatu, karatasi. Hapo aliyetuokoa ni Wegesa. Mzee alikuwa anaimba wimbo wake kwanza kwa mdomo, kwa majina ya sauti za Kihindi: sa, re, ga, ma. Wegesa alisikiliza, akasimama, akaandika ubaoni do, re, mi, fa, kama tunavyoandikia kwaya za kanisani. Do yetu ya kwaya haina makao, unaiweka popote unapotaka, na sa ya mzee ni vivyo hivyo. Mzee aliutazama ubao, akamtazama Wegesa, akacheka.

"Kumbe ninyi ni ndugu zetu, mnajificha tu," alisema.

Kuanzia siku ile Wegesa alikaa karibu naye. Mzee alikuwa na namna ya kuvuta waya pembeni mpaka sauti moja inatiririka kwenda kwenye nyingine bila kukatika. Wegesa aliitafuta kwenye selo yake kwa kuteleza kidole, Jumamosi baada ya Jumamosi, na alipoipata mzee aliacha kupiga akafumba macho.

Jioni moja nikiwa nimemrudisha mzee Bunda aliniambia lililokuwa moyoni mwake. Mwanawe yuko Uingereza, anamtaka ahamie huko tangu mama yao alipofariki. Yeye hataki.

"Nitaendaje? Kule nitapigia nani, redieta ya kupasha nyumba joto?" alisema. "Lakini na mimi sina sababu ya kumpa. Nikipata mwanafunzi, hiyo ni sababu. Namwambia mwanangu, nina mwanafunzi hapa, siwezi kuondoka, namalizana naye kwanza. Na kumalizana ni miaka. Tukimaliza hayo maonyesho bila mtu, basi naenda."

Nikamwambia nitamtafutia, nitatangaza kwenye kundi. Akanikatalia kwa ukali ambao sikuuzoea kwake.

"Hapana Mwalimu. Usimwambie mtu. Mwanafunzi anakujaga mwenyewe. Anakuja kwa mwalimu, anaomba. Mimi nilimwomba mjomba mara nyingi, nikaleta matunda, nikamshika miguu, ndiyo akakubali. Mwalimu akijitangaza anakuwa anauza karanga. Niahidi."

Niliahidi. Na ahadi uliyompa mzee si kitu cha kuchezea, hivyo niliishika.

Lakini macho yangu yalikuwa kwa Wegesa, kama ya mzee. Siku moja nilimzungukia kwa mbali.

"Wegesa, hiki chombo unakionaje?"

"Kizuri, mwalimu."

"Kizuri tu?"

"Ni cha mzee, mwalimu."

Akaendelea kufuta vumbi la upinde wa selo. Nikaelewa kwamba hana haja nacho. Mimi ni Mjita, sisi tunaomba hata kisichoombeka, na mtu wa kwetu akikaa kimya mbele ya kitu ujue hakitaki.

Maonyesho yalikuwa matatu. Bunda tulipigia ukumbi wa kanisa. Wakulima wa pamba walikuja na watoto, wengi wakiwa wanamjua mzee kama fundi, hawakujua kama anapiga chochote zaidi ya nyundo. Alipoanza peke yake, polepole, bila mdundo, nilihofu watu wataanza kuongea. Hawakuongea. Kisha selo ya Wegesa ikaingia chini yake, na vayolini nyuma, na kwa mara ya kwanza nilisikia zile waya za chini za sitari zikituitikia sisi. Kwa kuwa tulikuwa tumelegeza nyuzi zetu mpaka kwenye sauti yake, chombo chake kilikuwa kinatujibu bila kuguswa. Sijawahi kufurahi kazini kama dakika zile, nami nashukuru nilijua wakati uleule kwamba ninafurahi.

Butiama tulipiga shuleni kwa kina Wegesa. Baada ya hapo mama yake alitukaribisha nyumbani, ugali wa mtama na maziwa ya kibuyu na mboga ya mlenda. Kwa heshima ya mzee, asiyekula nyama, hakuipika kabisa. Alimsogeza Wegesa mbele.

"Mzee, huyu ndiye mtoto wetu wa nyuzi. Babu yake alikuwaga anapiga litungu mpaka ng'ombe wanasimama njiani."

"Ana mikono mizuri," mzee alisema. "Mizuri sana."

"Asante," alisema mama.

Baadaye pakawa kimya. Wote walikuwa wanaangalia mikono ya mzee, na mzee alikuwa anamwangalia Wegesa, na Wegesa anaangalia chini. Kimya kile kilikuwa kirefu mpaka mimi, kwa ujinga wangu, nikaona aibu ya watu kukosa la kusema, nikasifia mlenda. Mama akaanza kunieleza unavyochumwa. Mzee akashika bakuli lake la maziwa.

Tulipokuwa tunaondoka, Wegesa alitangulia kwenye gari akasimama mlangoni, mikono mbele, kama mtu anayesubiri kupokea mtoto. Alifanya hivyo Bunda pia, na alifanya hivyo Musoma. Mara zote tatu mzee alibeba sitari yake mwenyewe, akampita, akaiweka kwenye kiti na kuifunga mkanda. Niliona. Nilidhani msichana ana adabu ya kushika mlango.

Onyesho la Musoma lilijaa watu na hotuba, na sisi tukapewa muda mfupi baada ya mgeni rasmi. Tulipiga vizuri. Nje, sitari ikiwa imeshawekwa garini, mzee alikaa kwenye ngazi mpaka wapigaji wote wakaondoka, mmoja mmoja wakimuaga. Wegesa aliaga wa mwisho. Alipiga goti, akasema, "Asante kwa kila kitu, mzee." Alisubiri kidogo. Mzee naye alisubiri. Wegesa akaondoka.

"Basi, Mwalimu," mzee aliniambia. "Wamenipenda, na mimi nimewapenda. Lakini kupenda si kuomba."

Nilimsihi abaki. Nilimwambia hata mimi nitajifunza. Akanicheka, akasema vidole vyangu ni vya kinanda, vimezoea kusukuma. Kabla ya masika kwisha alikwenda kwa mwanawe, na sitari yake akaibeba mapajani kwenye ndege.

Wegesa aliacha kuja mazoezini. Nilimvumilia, halafu nikampigia, naye akaja nyumbani kwangu Kamunyonge. Nilimkemea kwanza, kama ada yetu. Nikamwambia kundi linakufa, selo inakaliwa na mende tena. Hakujitetea. Ndipo alipoanza kulia, na kwa mtu asiyelia, alilia vibaya.

"Mwalimu, mzee hakuniona nafaa?"

"Kufaa nini?"

"Kunifundisha."

Nikamuuliza kwa nini hakuomba. Alinitazama kama nimesema tusi.

"Kazi ya mikono ya mzee aliye hai unaiombaje? Mimi nililelewa hivyo kwa babu. Ukiomba ni kama unamwambia ondoka, nipishe, siku zako nimezihesabu. Babu alipotaka kumrithisha mjomba wangu alimwambia siku moja, nibebee litungu langu. Basi, imekwisha, mjomba akajua ameitwa. Mimi nilisimama kwenye gari mara tatu, Mwalimu. Nilikuwa nangoja aniambie nimbebee."

Nyuzi tulizilegeza nusu hatua, karatasi tukaigeuza ubao, kelele tukazipunguza. Tulipatanisha kila kitu kilicho na waya. Wao wawili walikuwa wanaheshimiana mpaka wakapotezana, na mimi niliyekaa katikati nilikuwa na nusu ya habari na ahadi mdomoni. Inaniuma. Inaniuma kuliko mambo mengine yote ya kazi hii, na yapo mengi.

Tulipiga simu Uingereza palepale. Alipokea mwanawe, akatuamkia kwa Kiswahili cha Bunda kabisa. Alisema baba amepata kiharusi, upande wa kushoto. Mkono haukunjiki. Anaelewa kila kitu lakini maneno yanatoka kwa shida, na sitari iko ukutani, wameitundika ili aione.

Nikamwomba aweke simu sikioni kwa mzee. Nilimweleza yote, la litungu, la kubeba, la mlangoni kwenye gari. Upande ule nikasikia pumzi tu. Nikampa Wegesa simu. Alishuka kwenye kochi akapiga magoti sakafuni, kana kwamba mzee yuko mbele yake.

"Shikamoo babu. Ni Wegesa wa Butiama. Naomba unifundishe."

Mzee alijibu kitu, hatukukielewa. Wegesa hakuuliza. Alinirudishia simu, akaifuata selo yangu ya mazoezi pale kwenye kona, akalegeza nyuzi zote nne mpaka kwenye sauti ya mzee, kwa kukumbuka tu. Kisha akapiga ule mwanzo wa polepole ambao mzee alikuwa anaupiga peke yake. Aliupiga wote, na ile mivuto yake, na mimi nikiwa nimeshika simu mbele ya chombo mpaka mkono ukafa ganzi.

Alipomaliza nikaiweka simu sikioni. Ilikuwa sauti ya mwanawe.

"Mama, baba analia."

Nikasema samahani, tunakata, apumzike.

"Hapana, msikate. Ngoja, anasema kitu." Akasikiliza, akamwomba baba yake arudie, akasikiliza tena. "Anasema arudie. Pale mwishoni ameharakisha."

Wegesa akarudia. Hilo lilikuwa somo la kwanza alilolipata kwa Mzee Kanti, na ndilo la mwisho, maana mzee hakupata nguvu ya kutoa jingine, naye alikuwa ameishi hapo Bunda, karibu nasi, miaka yote ile.